Gari Linapokataa Kuwaka

Wenzangu, gari likikataa kuwaka, wapitao husema upesi, "Stata imekufa!" Lakini stata ni ghali, na pengine kosa ni kutu tu. Yafaa kijana anayetaka kazi katika gereji za Buyenzi ajue kupima kwanza.

Ufunguo haupeleki umeme mwingi. Hupeleka kidogo, kwa waya mwembamba, hadi kwenye solenoidi. Solenoidi ndiyo inayounganisha waya mnene wa betri na stata, ambayo huweza kula zaidi ya ampea 100.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, washa taa ya ndani, kisha zungusha ufunguo huku ukiitazama taa.

Kwanza, taa ikififia sana au kuzimika, mara nyingi betri imechoka, au vichwa vyake vimelegea au vina kutu. Visugue, uvikaze. Betri nzuri iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi.

Pili, taa ikibaki na nguvu, wala husikii kitu, shuku swichi ya ufunguo, fyuzi au waya mwembamba.

Tatu, taa ikibaki na nguvu, ukasikia "ta!" moja tu, ndipo ushuku solenoidi au stata yenyewe.

Kabla ya kuifungua stata, ondoa waya hasi wa betri. Waya mnene kwa kawaida hauna fyuzi. Ukigusa chuma, hutoa cheche kali.

Fundi apimaye hivi humwokolea mwenye teksi fedha za siku nyingi. Basi, stata tuihukumu mwisho.