Vitafunio na Maradhi ya Tumbo kwa Kuku wa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba hakukosekani kuku mmoja au wawili wasiofugwi kwa ajili ya nyama wala biashara ya mayai. Watoto wamewapa majina, nao huingia hadi ukumbini bila ya kufukuzwa. Kuku hao hula kila kinachobaki siniani: wali, mkate wa mofa, vipande vya visheti, na siku za Sikukuu hata kaimati. Mapenzi hayo ndiyo huwa chanzo cha maradhi yao ya tumbo.

Ieleweke kwamba kuku hana meno. Chakula akimezacho hutua kwanza katika gole, yaani mfuko ulio chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua. Hapo hulainika, kisha huteremka tumboni na kufika katika firigisi, ambamo husagwa kwa changarawe ndogo alizozidonoa ardhini. Kuku ashindaye juu ya sakafu ya saruji hapati changarawe hizo. Akijazwa mkate mkavu, nao ukafura kwa maji, gole huweza kuziba.

Kipimo chake ni chepesi na hakihitaji gharama. Alfajiri, kabla ya kuku kulishwa, gole lipapaswe kwa vidole. Likiwa tupu, chakula cha jana kimeteremka. Likiwa limejaa na gumu, limeziba. Likiwa tepetepe kama mfuko wa maji, na kinywa kinatoa harufu ya uchachu, chakula kimechacha ndani. Kuku huyo atengwe, apewe maji safi, asilishwe hadi jioni, na gole lisuguliwe taratibu. Wako wanaomning'iniza kuku kichwa chini ili atapike. Jambo hilo ni la hatari, kwani maji hayo huweza kuingia katika njia ya pumzi na kumuua papo hapo.

Si kila kitafunio kina madhara sawa. Tikiti na embe vikizidi huleta kinyesi cha majimaji, nacho hukoma vinapoachwa. Papa mkavu na dagaa wa chumvi ni jambo jengine, kwani figo za kuku hazina nguvu ya kutoa chumvi nyingi. Ganda na kokwa la parachichi, pamoja na maharage makavu yasiyopikwa, vina sumu kwake. Kibaya zaidi ni chakula kilichoota ukungu, ambacho wengi hudhani kwamba kisichomfaa mtu humfaa kuku. Mwaka 1960 nchini Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumu ambayo leo huitwa sumukuvu.

Kuhusu kiasi, kuku mkubwa wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, na kuku wa kienyeji hula chini ya hapo. Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi, yaani kama kijiko kimoja cha chakula, na vitolewe jioni baada ya kuku kushiba chakula chake. Nyumba yenye watoto watano, kila mmoja na kijiko chake, imeshavuka mpaka huo.

Hata hivyo, vitafunio visisingiziwe kila ugonjwa. Kuku mmoja akiharisha siku moja baada ya karamu, huenda ni tumbo tu. Wakizubaa kuku kadhaa kwa pamoja, wakatoa kinyesi cha kijani, wakakoroma au kupinda shingo, hiyo ni dalili ya mdondo, ambao hauna dawa bali chanjo ya matone ya jichoni inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kuku hao wasiuzwe wala wasihamishwe, na afisa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo.

Kuku ambaye gole lake halijateremka kufikia asubuhi ya pili apelekwe kwa daktari wa mifugo. Anayempeleka aeleze bila ya kuficha kila alicholishwa, pamoja na vile walivyompa watoto.