MTOTO MWENYE OTISMU ANAPOANZA MASOMO

Mama, Baba, mwezi wa Septemba watoto wa Dilolo wanaingia masomo. Wako ana miaka 6, lakini hasemi kama wenzake, na kelele ikizidi anaziba masikio. Jirani wananong'ona: "Huyu ni mchawi." Hapana! Otismu, wengine wanaiita usonji, ni namna ubongo wake unavyofanya kazi tangu utoto. Haikuletwa na uchawi wala kosa la mama. Tena sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamwazibu mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi.

Anaogopa nini basi? Siku asiyoijua. Kengele, watoto wengi, mwalimu mgeni: yote yanamwangukia mara moja. Umwonyeshe siku ile mbele haijafika. Carol Gray, mwalimu wa Marekani, alianza kutunga hadisi fupi za namna hii karibu na mwaka 1990. Wewe unaweza kuitengeneza ndani ya telefone yako, bila intaneti.

1. Omba ruhusa kwa mkubwa wa masomo. Piga picha 6 ao 7: njia, mlango, mwalimu, kalasi, benchi, choo, na njia ya kurudi. Usipige watoto wa wengine.

2. Zipange jinsi siku inavyokwenda.

3. Tia sauti yako kwa luga ya nyumbani, ikiwa Kiswahili, Kichokwe ao Kilunda. Sema hivi: "Hii ni kengele. Inalia kwa nguvu, kisha inanyamaza. Naweza kuziba masikio. Masomo yakiisha, mama atanichukua." Usitie "Usilie!" Hadisi inaeleza, haigombezi. Na ukisema utamchukua, uende kweli.

4. Mwonyeshe kila siku, saa ileile, kwa majuma 2 mbele ya masomo. Akikimbia, usimkaze, jaribu tena kesho.

5. Mwalimu naye aione, ajue kwa nini mtoto anaziba masikio, asizani ni kiburi.

Telefone ikikosa moto, chora picha zilezile ndani ya kaye.

Hadisi hii si dawa. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo. Lakini mtoto anayejua kwamba kengele itanyamaza ana sababu moja pungufu ya kukimbia, na mwalimu ana sababu moja pungufu ya kumrudisha nyumbani.

ULIZO: Mtoto wako anaogopa nini kupita yote? Anza na picha ile.