Wimbo wa Ndege Haupimi Umri wa Ukoo

Ukitaka kujua undugu wa ndege waimbaji, anza na vinasaba, ndipo usikilize wimbo. Wengi hufanya kinyume: wakisikia nyimbo zinazofanana, huamua kwamba ndege hao wametengana karibuni. Kwa ndege ambao makinda wao hujifunza kuimba kwa kuwaiga wakubwa, uamuzi huo ni wa pupa.

Mimi huanza kwa kuchora mti wa ukoo kwa vinasaba peke yake. Vile vya mitokondria hurithiwa kwa mama tu, na spishi zikizaliana vinaweza kupotosha, hivyo nalinganisha pia vya kiini cha seli. Kisha nafungua rekodi za sauti, kwa mfano zile za hazina ya Xeno-canto, katika programu ya Raven ya Chuo Kikuu cha Cornell. Kwenye spektrogramu, yaani picha ya sauti, wimbo huonekana kama michirizi. Hapo napima sauti ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa kilohezi, urefu wa wimbo, na idadi ya silabi kwa sekunde. Napima madume kadhaa wa kila mlima, maana dume mmoja hawezi kuwasemea wote. Mwisho naviweka vipimo hivyo kwenye mti, tawi kwa tawi.

Ndege aina ya chozi wa milima ya Afrika Mashariki wanaonyesha faida ya mpangilio huu. Mwaka 2021 Jay McEntee na wenzake, akiwemo Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya chozi waliotengana kwa muda mrefu mno, kila kundi na mlima wake, bado wanaimba karibu sawa. Wimbo wao hutulia vizazi na vizazi, kisha hubadilika kwa kishindo. Angeanza na wimbo mtu, angewaita ndugu wa karibu.

Je, wimbo hauna kazi basi? Unayo, tena kubwa. Katika milima ya Udzungwa, Tanzania, chozi wa Moreau na chozi wa Fülleborn hukutana, na nyimbo zao zinatofautiana waziwazi. Jike anayechagua mume husikiliza sauti, hasomi jeni. Wapo pia watakaosema kuna ndege wanaozaliwa na wimbo wao, kama pita. Ni kweli, na kwa hao wimbo hufuata ukoo kwa karibu zaidi. Ndiyo maana lazima kwanza ujue kama ndege wako hujifunza. Ushahidi ukigongana, usitafute wastani: umri wa ukoo uulize vinasaba, mpaka kati ya spishi uulize wimbo pia.