Parkinson: Tusiwanyime wazee wetu usingizi

MIAKA mitatu iliyopita ami yangu alihamia kwangu hapa Dar es Salaam, baada ya madaktari kuthibitisha kuwa ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka, hatua zimekuwa fupi, na kuinuka kitini imekuwa kazi. Tukapewa dawa na kuelekezwa mazoezi: kupiga hatua ndefu, kugeuka, kukaa na kuinuka. Nikayasimamia mwenyewe kila siku baada ya Swala ya Alfajiri, nikijiona natimiza wajibu.

Tatizo ni kuwa Ami alikuwa halali. Usiku anashindwa kujigeuza kitandani, anaamka mara nne kwenda msalani, na wakati mwingine akiwa usingizini hupiga makelele na kurusha ngumi. Jirani mmoja akasema ni majini. Alfajiri namwinua, anajikongoja, nami namlaumu kuwa ni mvivu. Alichojifunza jana, leo kakisahau. Naandika haya kwa sababu nilikosea, na naamini siko peke yangu.

Ndugu msomaji, katika ugonjwa huu chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, hufa kidogo kidogo. Ndiyo maana mwili unakakamaa na kuwa mzito. Lakini James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, hakuishia kwenye kutetemeka. Aliandika pia kuwa usingizi wa wagonjwa huharibika. Sisi tunaona mkono tu.

Na zile ngumi za usiku? Mwaka 1986 madaktari wa Minnesota, Marekani, walieleza hali hiyo kwa kina. Mtu anapoota, kwa kawaida misuli yake hulegezwa ili asiitende ndoto yake. Kwa baadhi ya watu kinga hiyo huondoka. Wengi wao baadaye hupata Parkinson au magonjwa ya jamii yake, pengine miaka mingi baada ya ndoto hizo kuanza. Kumsomea mgonjwa Qur'an ni kheri, lakini kusituzuie kumpeleka kwa daktari.

Sasa usingizi unahusianaje na mazoezi? Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafundisha watu wenye afya kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu. Waliojifunza jioni wakalala, asubuhi walikuwa na kasi zaidi kwa takriban asilimia 20, bila kufanya mazoezi mengine. Waliojifunza asubuhi wakashinda macho hawakupata faida hiyo. Kwa maneno mengine, mwili hujifunza mchana, na ubongo huendelea kuliimarisha somo usiku.

Kwa wagonjwa wa Parkinson matokeo ya utafiti wa namna hiyo yametofautiana, na hilo halishangazi, maana usingizi wenyewe umeshaharibika. Ndiyo sababu watafiti wanajiuliza: je, tukiutengeneza usingizi, mazoezi yatashika zaidi? Wapo wanaojaribu usingizi wa mchana baada ya mazoezi. Wapo wanaomsikilizisha mtu aliyelala, kwa sauti ya chini, mlio ule ule aliousikia akijifunza, ili kuukumbusha ubongo somo lake. Kwa watu wenye afya njia hii imeonyesha mafanikio. Kwa wagonjwa bado ni jambo la maabara, hivyo asije mtu akakuuzia kifaa akidai ni tiba.

Lililo karibu nasi zaidi ni hili. Utafiti wa Alabama, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa wagonjwa waliofanya mazoezi mazito mara tatu kwa wiki, kwa wiki 16, walilala muda mrefu zaidi na usingizi wao mzito uliongezeka kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kulala vizuri tu. Kwa hiyo mazoezi huleta usingizi, na usingizi nao huenda ukayalinda mazoezi. Ukikata upande mmoja, unahatarisha wote wawili.

Nyumbani tulibadilika. Tulimweleza daktari habari za usiku, akapanga upya saa za dawa. Tukaondoa meza yenye ncha kando ya kitanda na kupunguza chai ya jioni. Baada ya Alfajiri Ami hupumzika. Mazoezi ni saa nne asubuhi, dawa ikiwa imeshaanza kazi. Mchana analala qailula fupi, kwani ikirefuka huuharibu usiku. Na Ramadhani ikikaribia tunamuuliza daktari mapema, maana kukatisha dawa hizi ghafla ni hatari, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Ami hakupona. Mpaka leo Parkinson haina tiba ya kuimaliza. Lakini juzi alirudisha miguu nyuma, akainamisha kifua mbele, akainuka kitini mwenyewe bila kukumbushwa. Nikakumbuka asubuhi zile nilizomwita mvivu. Nimeshamwomba radhi.

Wewe mwenye mgonjwa kama huyu, ukienda hospitali usieleze mkono unavyotetemeka tu. Eleza na usiku wake.