Harmonika ya Bluzi: Somo Lipi la Kununua, Lipi la Kuacha

Ukipewa kitabu cha kufundishia harmonika ya bluzi, usiangalie jalada wala utangulizi. Funua moja kwa moja hadi pale mwandishi anapoeleza tundu la 3. Kama amelipita kimya, au amelimaliza kwa mistari miwili, kirudishe rafuni.

Sababu imo ndani ya chombo chenyewe. Kile kinanda kidogo cha mdomo chenye matundu 10 hakikubuniwa kwa ajili ya bluzi. Kampuni ya Hohner ya Trossingen, Ujerumani, ilianza kuuza aina yake mashuhuri, Marine Band, mwaka 1896, na noti zake zilipangwa kwa nyimbo za kawaida za huko. Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani ndio waliokipindua. Badala ya kutegemea noti za kupuliza, walihamia kwenye noti za kuvuta, hivi kwamba harmonika ya C wakaitumia kupigia nyimbo za ufunguo wa G. Kisha wakashusha noti kwa kubadili nafasi ya ulimi kinywani huku wakivuta pumzi. Tundu la 3 la harmonika ya C hutoa G ukipuliza na B ukivuta, na kati ya hizo mbili kuna noti tatu ambazo hazina vilimi vyake, yaani vile vipande vyembamba vya shaba vinavyotetemeka na kutoa sauti. Mpigaji huzitafuta mwenyewe. Tundu la 2 lina noti mbili za namna hiyo. La 1, la 4 na la 6 yana moja moja, na la 5 halishuki hata nusu toni kamili.

Somo linalofaa litakupa hesabu hiyo tundu kwa tundu. Litakueleza kinachofanyika nyuma ya ulimi, na litakuambia bila kukuficha kwamba kazi hiyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Somo bovu litasema vuta kwa nguvu. Ushauri huo ndio unaochosha vilimi vya shaba kabla ya wakati wake. Wanafunzi wengi, wakifika tundu la 2 na noti ikakwama, huamini wameuziwa chombo kibovu, kumbe wamebana koo na wanavuta kupita kiasi. Kitabu ambacho hakijataja shida hii kimeandikwa na mtu asiyewajua wanafunzi.

Neno moja kuhusu chombo kabla hujatoa hela ya masomo. Harmonika ndefu za bei nafuu zenye safu mbili za matundu mara nyingi ni za tremolo, yaani kila noti ina vilimi viwili vinavyotofautiana kidogo ili sauti itetemeke. Ni nzuri kwa nyimbo laini, lakini noti zake hazishuki kwa namna ninayoieleza hapa. Tafuta ya matundu 10, ya ufunguo wa C, kwa kuwa masomo mengi ya mwanzo hutumia hiyo.

Sasa maandishi. Wapigaji wengi wa harmonika hawasomi noti za mistari mitano. Wanatumia namba za matundu, na alama ya kupuliza au kuvuta. Hakuna mfumo mmoja: huyu anatumia mishale, yule alama za kujumlisha na kutoa, mwingine anazungushia namba duara. Hilo si tatizo, mradi mwandishi afafanue alama zake ukurasa wa kwanza. Tatizo ni kwamba namba peke yake hazikuambii noti idumu kwa muda gani. Ni sawa na kupewa viungo vya pilau bila kuambiwa kipi kinaingia lini. Kwa hiyo usinunue mkusanyiko wa namba usioambatana na sauti, hata ukiahidiwa nyimbo mia.

Miongoni mwa vitabu, Blues Harp cha Tony Glover, kilichotoka mwaka 1965, bado kina ladha yake, lakini ningekiweka kiwe cha kusoma kwa raha. Cha kuanzia ningechagua Harmonica For Dummies cha Winslow Yerxa, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2008: ni kirefu, kina sauti za mifano, na kinaeleza chombo kizima bila haraka. Anayependa ngazi zilizopangwa, leo hili kesho lile, atafaidika na vitabu vya David Barrett. Kwa asiye na fedha yupo Adam Gussow, mpigaji na profesa wa Chuo Kikuu cha Mississippi, aliyeanza kuweka masomo ya bure YouTube mwaka 2007. Anafundisha kwa kupiga kwanza kisha kueleza, na mpangilio wake si wa darasani. Mimi napenda hivyo. Mwenye kutaka utaratibu atachoka. Vyovyote uchaguavyo, shika mwalimu mmoja kwa miezi ya mwanzo. Video kumi za watu kumi zitakufundisha namna kumi za kushika chombo.

Walimu wote hao wanakuelekeza kwenye rekodi, na hapo ndipo penye shule yenyewe. Juke ya mpigaji harmonika Little Walter, iliyorekodiwa Chicago mwaka 1952, ilikaa kileleni mwa chati ya muziki wa weusi Marekani kwa wiki 8 bila neno hata moja kuimbwa. Isikilize kila siku, lakini usiifanye somo la kwanza. Anza na Help Me ya Sonny Boy Williamson ya mwaka 1963, yenye mwendo wa pole na vishazi vifupi vinavyoachiana nafasi. Juke hupigwa kwa harmonika ya A, wimbo ukiwa katika E. Help Me huhitaji harmonika ya B bapa. Somo lolote linalotaja wimbo bila kutaja ufunguo wa harmonika litakupotezea jioni nzima.

Tahadhari unaponunua rekodi: Sonny Boy Williamson walikuwa wawili. Wa kwanza, John Lee, alianza kurekodi mwaka 1937 na akauawa Chicago mwaka 1948. Wa pili, Rice Miller, alijulikana kupitia redio ya KFFA ya Helena, Arkansas, kuanzia mwaka 1941, na alifariki mwaka 1965. Wote wawili wanastahili masikio yako, ila Help Me ni ya huyu wa pili.

Rekodi ikikukimbia, YouTube hukuruhusu kupunguza mwendo hadi nusu bila ufunguo kubadilika, na programu ya bure ya Audacity hufanya hivyo kwenye kompyuta. Ukibana bando, pakua sauti badala ya video. Hakikisha pia kifurushi cha masomo unacholipia kina rekodi za kusindikiza, yaani gitaa, besi na ngoma zikizunguka baa 12 za bluzi bila harmonika, kwa mwendo zaidi ya mmoja. Kikiwa nazo katika G, harmonika yako ya C inatosha kuanzia siku ya kwanza.