Somo la Ufundi: Umeme wa Boti Ndogo



Kutoka Nsambya hadi mwalo wa Ggaba si mbali, na wengi wetu tuna ndugu wanaovua au kubeba abiria ziwani. Boti ikikosa taa usiku haionekani. Tarehe 8 Mei 2005 meli mbili za mabehewa, Kabalega na Kaawa, ziligongana katika Ziwa Victoria na Kabalega ikazama. Ikiwa meli kubwa zenye manahodha hugongana, sembuse boti ya mbao isiyo na taa! Basi tujifunze.

Kufunga

Betri ya volti 12 ikae ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa, imefungwa imara, mbali na tangi la petroli. Inapochajiwa hutoa gesi inayowaka, na cheche moja yatosha kuleta moto. Ukifungua betri, anza na waya hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Fyuzi iwe karibu na betri, isipite shubiri moja, kwenye waya chanya. Kazi yake ni kulinda waya, wala si taa. Anayeweka msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ameufanya waya wenyewe kuwa fyuzi, nao utawaka ndani ya mbao.

Usitumie waya mgumu wa nyumba, wenye uzi mmoja. Mtikisiko wa injini huukata. Tumia waya wa nyuzi nyingi za shaba. Unene wake tuupate kwa hesabu. Taa ya wati 24 kwa volti 12 hula ampea 2. Ikiwa mita 6 kutoka betri, waya wa kwenda na kurudi ni mita 12. Waya wa milimita mraba 1.5 utapoteza volti 0.3 hivi, nayo yavumilika. Lakini pampu ya kufua maji inayokula ampea 5 mahali hapo hapo itapoteza volti 0.7, nayo itachoka. Ipe waya wa milimita mraba 4.

Taa za njia, ukitazama mbele: nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe inayoonekana pande zote. Ndivyo zinavyoruhusu kanuni za kimataifa za mwaka 1972 kwa boti ya injini iliyo chini ya mita 12.

Kutafuta hitilafu

Taa haiwaki. Usianze kung'oa waya ovyo. Washa swichi, uiache imewashwa, kisha fuata umeme kwa mita kutoka betri:

1. Pima betri. Iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.7; ikifika 12.2 imebaki nusu.
2. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri. Kwa ncha ya pili pima baada ya fyuzi, baada ya swichi, kisha chanya ya taa. Mahali volti zinapopotea ndipo penye ubovu.
3. Chanya ya taa ina volti 12, lakini ukipima kati ya waya mbili za taa hupati kitu? Waya hasi umekatika au umeota kutu.
4. Waya mbili za taa zina volti 12 na bado ni giza? Balbu imekufa.

Kwa nini swichi iwashwe? Kwa sababu waya uliooza huonyesha volti 12 usipobeba mzigo, ukibeba, huanguka. Fundi asiyejua hili hununua betri mpya bure.

Neno la mwisho. Mwenye boti akikuamuru utoke usiku bila taa, au uweke msumari ili kazi isichelewe, kataa, na mkatae wote pamoja. Fyuzi ni bei ndogo, mtu hanunuliki.

Mazoezi

1. Taa ya wati 36 hula ampea ngapi?
2. Fyuzi mpya inakatika kila ukiwasha swichi ya pampu. Utatazama nini kabla ya kuweka nyingine?