Mbegu Hutuliza Tope, Moto Huua Vijidudu: Mwongozo wa Maji Salama kwa Kaya za Dodoma na Kanda ya Kati

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha kaya inayochota maji kwenye lambo, korongo au kisima kisichofunikwa, ikayaleta nyumbani yakiwa na rangi ya udongo. Kinaeleza jinsi mbegu za mimea zinavyoweza kutuliza tope hilo, kwa nini zinaweza, na zinaishia wapi. Shika jambo moja kabla ya mengine yote: maji meupe si lazima yawe maji salama. Mbegu hufanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya moto, klorini au jua.

1. Maji yetu na tope lake

Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mji hutegemea kwa kiasi kikubwa visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Vijijini, kuanzia Bahi na Chamwino hadi Chemba, Kongwa na Mpwapwa, wengi bado hutegemea malambo, au hufukua mchanga wa makorongo mpaka maji yachuruzike.

Mvua za kwanza ndizo za hatari zaidi. Maji hukimbia juu ya ardhi iliyokauka, yakazoa udongo, samadi na kinyesi cha watu waliojisaidia porini, na kuvifikisha lamboni. Humo ndimo zinamotoka kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu.

Tope lenyewe lina madhara matatu. Huwapa vijidudu mahali pa kujificha, hula nguvu ya klorini kabla haijawafikia, na huzuia mwanga wa jua usipenye majini. Ndiyo maana kidonge cha kutibu maji kikitiwa kwenye ndoo ya tope huweza kushindwa kazi.

2. Mbegu inafanyaje kazi?

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, na kila moja ina chaji hasi ya umeme. Chaji zinazofanana husukumana, kwa hiyo chembe hukaa mbalimbali na kuelea. Ndoo inaweza kulala usiku kucha na asubuhi maji yakawa bado ya kahawia.

Ndani ya mbegu ya mlonge, mti tunaoutumia katika kijitabu hiki, mna protini zinazoyeyuka majini zenye chaji chanya. Zikichanganywa na maji ya tope, hushika chembe za udongo na kufuta ile chaji iliyozitenganisha. Chembe hugandana, huwa mabonge, na mabonge huzama kwa uzito wake. Ni kama maziwa yanavyoganda yakichachuka: kilichokuwa kimetawanyika hujikusanya, na maji hubaki pembeni.

Vijidudu vingi hushikamana na mabonge hayo na kuzama nayo. Katika majaribio ya maabara, mbegu za mlonge zimeondoa asilimia 90 hadi 99 ya bakteria. Hata hivyo, hao hawakufa. Wako kwenye mashapo chini ya ndoo, na wachache waliobaki juu huweza kuongezeka tena ndani ya siku moja.

3. Elimu hii imetoka wapi?

Imetoka kwa wanavijiji wenyewe. Miaka ya 1970, mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliwakuta wanawake wa Sudan wakitumia mbegu za mlonge kutuliza maji ya Mto Nile, akaipeleka desturi hiyo maabara. Miaka ya mwanzo ya 1990, wataalamu waliijaribu mbegu hiyohiyo kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Thyolo, Malawi, ikafanya kazi vizuri.

Hapa Kanda ya Kati, Nancy Marobhe wa Chuo Kikuu cha Ardhi alichunguza mimea inayotumika kutuliza maji vijijini Singida. Tasnifu yake ya mwaka 2008, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha KTH, Stockholm, ilionyesha kuwa mbegu za kunde, na za mti wa miiba na maua ya njano uitwao kitaalamu *Parkinsonia aculeata*, nazo zina protini za kugandisha tope. Kijitabu hiki kinaelekeza mlonge kwa sababu vipimo vyake vya nyumbani vinajulikana vizuri zaidi.

4. Hatua za kutuliza ndoo ya lita 20

Unahitaji mbegu kavu za mlonge, kinu safi, chupa yenye kifuniko, kitambaa safi na ndoo mbili.

1. Chuma maganda yaliyokaukia mtini na kuwa ya kahawia. Mbegu za maganda mabichi hazifai.
2. Menya mbegu upate kiini cheupe. Tupa chenye doa au kilichooza.
3. Hesabu mbegu kulingana na tope:
   - maji yenye ukungu kidogo: mbegu 5;
   - maji yaliyochafuka wastani: mbegu 10;
   - maji ya kahawia ya lambo: mbegu 20;
   - maji mazito ya mvua za kwanza: hadi 40.
4. Twanga viwe unga laini. Twanga kiasi cha siku hiyo tu. Mbegu hudumu zaidi zikikaa ndani ya ganda lake.
5. Tia unga kwenye chupa pamoja na kikombe cha maji safi. Tikisa kwa dakika 5.
6. Chuja kwa kitambaa, tui lianguke ndani ya ndoo ya maji ya tope.
7. Koroga haraka kwa dakika 2, kisha polepole kwa dakika 10 hadi 15. Usikatishe hatua ya polepole; ndiyo inayokuza mabonge.
8. Funika. Acha ndoo itulie saa 1 hadi 2 bila kuguswa.
9. Mimina maji ya juu taratibu kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Mashapo yabaki chini.
10. Mwaga mashapo shambani, mbali na kisima na mahali wanapochezea watoto. Yamejaa vijidudu.

Usizidishe mbegu kwa kudhani nyingi ndiyo bora. Zikizidi, maji hurudi kuwa na ukungu, na mabaki yake huyafanya yanuke upesi. Usitumie pia mbegu za kupanda zilizotiwa dawa ya wadudu.

5. Sasa ua vijidudu

Chagua njia moja, na uifanye siku hiyohiyo.

*Kuchemsha.* Maji yachemke kwa nguvu, yakitokota, kwa dakika 1 nzima. Yapoe yakiwa yamefunikwa.

*Klorini.* Tumia vidonge au dawa ya maji ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa.

*Jua.* Jua la kiangazi tunalo kwa wingi na halidai kuni. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, ubandue karatasi zake. Jaza maji, funga, zilaze juu ya bati kwa saa 6 za jua kali. Mawingu yakiwa mengi, ziache siku 2. Siku za mvua mfululizo, chemsha.

Kabla ya kutegemea jua, pima weupe wa maji: simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti, kisha tazama kutoka mdomoni mwa chupa kuelekea chini. Ukishindwa kusoma herufi, maji bado ni machafu kwa njia hii.

Maji yaliyotibiwa yakae kwenye chombo chenye mfuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini. Mkono usiguse maji.

6. Yasiyowezwa na mbegu

- Chumvi. Kisima chenye maji ya magadi hakitapona kwa mlonge.
- Floraidi. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi katika baadhi ya visima. Huchafua meno ya watoto na, ikizidi, huharibu mifupa. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.
- Nitrati. Hutokana na vyoo na samadi inayopenya hadi maji ya ardhini, na imekutwa katika baadhi ya visima vya Dodoma mjini. Ni hatari hasa kwa watoto wachanga. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua, nitrati huwa kali zaidi.
- Dawa za mashambani. Maji yaliyoingiwa na sumu ya wadudu yasitumike kabisa.

Kwa matatizo haya, dawa ni kupimisha maji kupitia mamlaka ya maji au ofisi ya afya ya wilaya, na kuchimba choo mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

7. Maswali yanayoulizwa

*Je, shabu inafaa?* Inafaa. Hutuliza tope kwa kanuni ileile ya kugandisha chembe. Nayo haiui vijidudu.

*Na makaa ya jikoni?* Hupunguza harufu na rangi, lakini hayaondoi vijidudu vya kutosha.

*Mizizi ya mlonge je?* Hapana. Mizizi na magome yake yana sumu. Kwa maji, tumia mbegu peke yake.

*Tunakula mlenda na bamia. Utelezi wake unasafisha maji?* Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tarleton State, Marekani, wameonyesha kuwa utelezi wa bamia na uwatu hunasa chembechembe ndogo za plastiki majini. Kazi hiyo ni ya maabara, na haina kipimo cha kutumia nyumbani. Mlenda endelea kuula.

*Maji yaliyotulizwa yana kazi nyingine?* Yanafaa kunawisha watoto nyuso. Utafiti uliofanyika Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa watoto wenye nyuso safi walipata trakoma kali, yaani vikope, kwa uchache zaidi.

8. Mtoto akiharisha

Mpe ORS mara moja: pakiti moja kwa lita 1 ya maji salama. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na macho yaliyodidimia, choo chenye damu, kutapika kila anachokunywa, au kuharisha maji meupe kama ya mchele.

Neno kwa kaya

Panda milonge miwili au mitatu karibu na nyumba. Huvumilia ukame na majani yake ni mboga. Baba, mama na vijana, wote wajue hatua za kutuliza maji, maana yeyote anaweza kubaki nyumbani na watoto. Na kabla hujampa mtoto kikombe, jiulize maswali mawili: maji haya yametulizwa? Vijidudu vimeuawa? Jibu la moja likiwa hapana, usimpe.